Wasichana katika Skuli za Sekondari Zanzibar: Historia ya Uwiano, Umri na Umbali

Utangulizi

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Sayyida Salme binti Said, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Emily Ruete, anaeleza jinsi alivyojifunza kuandika. Katika majumba ya baba yake, Sultani Sayyid Said, watoto wa kike walisomeshwa Kurani sawa na ndugu zao wa kiume, lakini kuandika hakukuwamo katika mafunzo yao. Salme alianza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika badala ya ubao. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumwondoa Majid katika kiti cha usultani, msichana huyo wa umri wa miaka kumi na mitano hivi ndiye aliyegeuka kuwa mwandishi wa barua za wapangaji.

Kisa hicho kinatajwa mara nyingi kama kichekesho cha historia ya kifalme. Hapa kinatajwa kwa sababu nyingine. Kinaonesha kwamba katika Zanzibar ya karne ya 19 mtoto wa kike hakunyimwa elimu kwa jumla. Alinyimwa sehemu mahususi ya elimu, yaani kalamu, na alinyimwa kwa hoja mahususi, kwamba msichana anayejua kuandika ataandika barua ambazo wazee wake hawazijui. Salme aliithibitisha hofu hiyo kwa namna ambayo hakuna mzee aliyeitarajia. Hofu hiyo haikumalizika na karne yake. Iliwakuta maofisa wa elimu wa Kiingereza katika miaka ya 1920, na kwa sura nyingine iliwakuta wakuu wa skuli hata baada ya Mapinduzi.

Makala haya yanafuatilia jinsi uwiano wa wasichana katika skuli za sekondari za Zanzibar ulivyobadilika kutoka sifuri hadi kupita nusu. Zanzibar inafaa kuchunguzwa peke yake. Ni nchi ya visiwa iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia mwaka 1890, ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964, na ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Lakini elimu ya msingi na sekondari ilibaki nje ya orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo historia yake ya skuli si tawi la historia ya Tanzania Bara. Ina sheria zake, sera zake, na hata neno lake: Bara huenda shule, Zanzibar huenda skuli.

Inafaa pia kueleza mapema kile ambacho uwiano unapima na kile usichopima. Tuseme kidato kimoja kina wavulana 60 na wasichana 40. Uwiano wa wasichana ni asilimia 40. Wavulana 20 wakiacha skuli na wasichana wote wakabaki, uwiano unakuwa asilimia 50, ingawa hakuna msichana hata mmoja aliyeongezeka. Vilevile skuli yenye wanafunzi 50 tu katika nchi nzima inaweza kuwa na uwiano mzuri kabisa huku wasichana maelfu wakiwa majumbani. Takwimu ya uwiano ni jibu la swali moja dogo: kati ya waliomo, wangapi ni wa kike? Haisemi chochote kuhusu wasiokuwamo. Tahadhari hii inahitajika zaidi kwa miaka ya karibuni kuliko ya zamani, kwa sababu zamani tatizo lilikuwa wazi kiasi kwamba halikuhitaji hesabu.

Kabla ya 1947

Chuo cha Kurani kilikuwa taasisi ya elimu iliyoenea kuliko zote Unguja na Pemba, na kilipokea watoto wa jinsia zote mbili. Jambo hili hupuuzwa na waandishi wanaoianza historia ya elimu ya wanawake na kuwasili kwa Wazungu. Msichana wa Tumbatu au Makunduchi alikaa mkekani mbele ya mwalimu wake, akahitimu msahafu, akasherehekewa. Kilichofuata ndicho kilichomtenga na kaka yake. Alipovunja ungo alitiwa ndani, akafundwa na somo wake, akasubiri kuolewa. Kutawa huku kulikuwa na daraja. Familia za kiungwana za mjini zilikuwa na uwezo wa kumfungia binti ndani kabisa, ilhali mkulima wa shamba alihitaji mikono ya bintiye katika mihogo na katika kutwanga. Kwa hiyo utawa mkali ulikuwa pia alama ya hadhi, na hapo ndipo ugumu wa skuli za mwanzo unapoeleweka: serikali ilianza na familia ambazo heshima yao ilifungamana zaidi na kumficha binti.

Wa kwanza kufundisha wasichana kwa utaratibu wa Kizungu walikuwa wamisionari wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864. Skuli yao ya wasichana huko Mbweni ililea watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na Caroline Thackeray, aliyewasili mwaka 1877, aliiongoza kwa miaka mingi. Mbweni ilitoa walimu wa kike na wake wa wachungaji. Haikutoa mfano ambao Waislamu wa Unguja wangeufuata, na sababu haikuwa dini peke yake. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wasio na ukoo wa kuwatetea. Hakukuwa na baba wa kuombwa ridhaa. Skuli inayofundisha mayatima haijapambana na swali la mzazi. Jumuiya za Kihindi nazo, hasa Waismailia, zilisomesha binti zao katika skuli zao wenyewe, na watawa wa Kikatoliki walikuwa na skuli ya konventi mjini, lakini milango hiyo haikuwa ya walio wengi.

Serikali ya himaya iliunda idara ya elimu katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na kwa takriban miaka ishirini idara hiyo ilishughulika na wavulana. Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927. Iliitwa skuli ya wasichana wa Kiarabu, na jina hilo linatosha kueleza ni nani aliyelengwa. Mtaala wake ulikuwa wa kusoma na kuandika, dini, ushoni, upishi, usafi na malezi ya watoto. Ni rahisi leo kuubeza mtaala huo kuwa ulimwandaa msichana kwa jiko. Lakini wazazi waliowapeleka binti zao hawakuwa wajinga wa maana yake: ushoni na upishi vilikuwa ndivyo vilivyowezesha kalamu kuingia. Mama aliweza kumwambia bibi kwamba mtoto anakwenda kujifunza kushona, na sentensi hiyo ilikuwa ya kweli.

Tatizo lililoikabili skuli hiyo na zilizoifuata lilikuwa la mduara. Wazazi hawakukubali binti zao wafundishwe na wanaume baada ya umri fulani. Kwa hiyo ilihitajika walimu wanawake. Ili wapatikane walimu wanawake, ilihitajika wasichana wakae skuli hadi umri wa kufundisha, yaani hasa ule umri ambao wazazi waliwatoa. Serikali iliukata mduara huu kwa njia ya mkato: iliwachukua wasichana wachache waliomaliza masomo ya msingi, ikawapa mafunzo ya ualimu humohumo, ikawarudisha mbele ya darasa wakiwa bado vijana sana. Skuli za wasichana zilipoanza kupelekwa mashamba katika miaka ya 1940, mwalimu wa kike hakuweza kupelekwa kijijini peke yake. Ilibidi afuatane na jamaa, au awe na mume anayefanya kazi karibu, na ilibidi ipatikane nyumba ambayo wanakijiji wangeiona kuwa ya heshima. Mwalimu mmoja wa kike wa shamba alikuwa, kwa hesabu ya serikali, mshahara mmoja. Kwa hesabu halisi alikuwa kaya nzima iliyohamishwa.

Wavulana walikuwa na sekondari ya serikali tangu miaka ya 1930. Wasichana walipata yao mwaka 1947, miaka ishirini kamili baada ya skuli yao ya kwanza. Kabla ya mwaka huo, uwiano wa wasichana katika sekondari za serikali Zanzibar hauhitaji kukadiriwa.

Umri wa kidato

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha suala. Watafiti wengi huichukulia sekondari kama ngazi inayofuata msingi, na hivyo hutarajia kwamba wasichana wakiongezeka chini wataongezeka juu. Zanzibar ya miaka ya 1950 haikufuata mantiki hiyo. Skuli za msingi za wasichana ziliongezeka mjini na mashamba, hasa baada ya masomo ya dini kupewa nafasi rasmi katika ratiba, jambo lililowatuliza wazazi na walimu wa vyuo. Lakini sekondari ya wasichana ilibaki moja, mjini, na ndogo.

Sababu ni umri. Msingi huanza na kumalizika katika utoto. Sekondari huanza pale hasa utoto unapomalizika kwa kipimo cha jamii. Msichana anayeingia kidato cha kwanza ndiye yule ambaye shangazi zake wanaanza kumtafutia mchumba. Kwa hiyo kumpeleka sekondari hakukuwa kuendeleza uamuzi uliokwisha kufanywa; kulikuwa uamuzi mpya, mgumu zaidi, na ulifanywa na watu wengi zaidi: baba, mama, bibi, ami, wakati mwingine mchumba mwenyewe. Mvulana aliyefaulu alikwenda. Msichana aliyefaulu alijadiliwa.

Umbali ulizidisha mjadala. Sherehe ya kufaulu kwa msichana wa Wete au Mkoani iligeuka haraka kuwa swali la nani atakaa naye mjini Unguja, atalala kwa nani, na nani atamvusha bahari. Familia iliyokuwa na ndugu Ng'ambo au Mji Mkongwe ilikuwa na jibu. Isiyokuwa nao haikuwa na jibu, hata kama baba alikuwa tayari kwa moyo wote. Katika historia ya elimu ya Zanzibar kuna tabia ya kuwalaumu wazazi wa mashamba kwa kutothamini elimu ya binti zao. Lawama hiyo imerudiwa mno kuliko ushahidi wake. Wazazi haohao, skuli ilipofika mlangoni, waliandikisha.

Waliopita katika sekondari hiyo ya wasichana walikuwa wachache, na kwa sehemu kubwa walitoka mjini katika familia zenye nafasi. Lakini uchache wao ulikuwa na uzito usiolingana na idadi. Baadhi yao walikuwa walimu, wauguzi na watangazaji. Wanawake wa Zanzibar walipopiga kura kwa mara ya kwanza, mwaka 1961, walikuwapo wanawake waliosoma wa kuwaandikisha na kuwahutubia wenzao. Sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 katika visiwa vyote. Kwa nchi ya watu laki tatu, madarasa machache ya wasichana yangeweza kubadilisha sura ya taaluma nzima, na yaliibadilisha taaluma ya ualimu.

Mapinduzi na elimu bila malipo

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Siku hiyo bado huadhimishwa kila mwaka. Skuli za jumuiya na za misheni zilitaifishwa, mgawanyo wa skuli kwa kabila ukafutwa kisheria, na majina yakabadilishwa: skuli ya wavulana iliyokuwa na jina la Mfalme George wa Sita ikawa Lumumba, na sekondari ya wasichana ikapewa jina la Ben Bella, kiongozi wa Algeria. Pemba ilipata Fidel Castro. Yeyote anayesoma orodha ya skuli za Zanzibar anasoma siasa ya dunia ya miaka ya 1960.

Kufutwa kwa ada kulimsaidia nani zaidi? Jibu la kawaida ni kwamba kulimsaidia maskini, na ni kweli. Lakini ndani ya kaya maskini kulimsaidia zaidi binti. Baba mwenye watoto wanne na uwezo wa kulipia wawili aliwalipia wavulana wawili. Alipokuwa halipi, sababu ya kuchagua iliondoka, au angalau ilipungua hadi kuwa sababu ya mila peke yake, na mila isiyoungwa mkono na gharama ni dhaifu kuliko inavyosemwa. Jambo hili halionekani katika maandishi ya sera ya wakati huo, ambayo yalizungumzia tabaka na kabila tu. Nafasi za kuingia sekondari ziligawiwa kwa kipindi fulani kwa kuzingatia uwiano wa makabila. Hakuna aliyegawa kwa jinsia. Wasichana walinufaika na sera ambayo haikuwataja.

Si kila lililotokea liliwavuta mbele. Walimu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, waliondoka nchini baada ya 1964, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliohitimu katika sekondari ile ndogo ya kabla ya Mapinduzi. Nafasi zao zilijazwa na vijana waliomaliza masomo karibuni. Kisha, mwaka 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi, tukio lililoandikwa katika magazeti ya nje. Athari ya tukio kama hilo haipimiki kwa takwimu za skuli. Ni vigumu hata hivyo kuamini kwamba familia za mjini, zenye binti wa umri uleule, hazikulizingatia zilipoamua nani atoke nyumbani na nani abaki.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja polepole na bila tangazo: skuli ziliongezwa madarasa. Kuanzia awamu ya Aboud Jumbe na kuendelea, skuli nyingi za mashamba ziliongezewa vidato vya mwanzo vya sekondari juu ya madarasa ya msingi. Mara nyingi wanakijiji walijenga msingi na kuta kwa nguvu zao, na serikali au wafadhili wakaezeka. Majengo yalikuwa duni, vitabu haba, walimu wa sayansi hawakuwapo. Lakini msichana wa Makunduchi hakuhitaji tena jamaa wa mjini. Alihamia darasa la jirani katika uwanja uleule, chini ya mwalimu mkuu yuleyule, na sare ileile pamoja na ushungi wake mweupe. Swali lililokuwa likijadiliwa na ukoo mzima likaacha kuulizwa. Sera iliyoweka elimu ya lazima ya miaka kumi, kuanzia msingi hadi vidato vya mwanzo, ilipitia njia ambayo matofali yalikwisha kuifungua.

Karafuu, mwani na dago

Uchumi wa visiwa una nafasi yake katika hesabu hii, na nafasi hiyo ni ya ajabu kidogo. Zanzibar iliishi kwa karafuu, na Indonesia ilikuwa mnunuzi wake mkubwa. Indonesia ilipofikia kujitosheleza, bei ilianguka katika miaka ya 1980 na mapato ya serikali yakaanguka nayo. Elimu ilibaki bure kwa jina, lakini skuli zilianza kutegemea michango ya wazazi kwa chaki, madawati na ukarabati. Kwa mantiki iliyotumika juu, michango ingepaswa kuwarudisha wasichana nyumbani.

Haikuwa hivyo kwa kiwango kilichotarajiwa, na maelezo mojawapo yako baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilianza kwa ajili ya biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kisha kikaenea hadi Pemba. Wakulima wake kwa sehemu kubwa mno walikuwa wanawake. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini alikuwa na fedha taslimu aliyoipata kwa jina lake, na tafiti kuhusu vijiji hivyo zinakubaliana kwamba sare, madaftari na michango ya skuli vilikuwa miongoni mwa matumizi ya kwanza ya fedha hiyo. Mwani ulikuwa na gharama yake pia. Hufungwa na kuvunwa maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, na bamvua haiangalii ratiba ya masomo. Binti aliyelipiwa daftari na mwani ndiye huyohuyo aliyehitajika pwani asubuhi ya mtihani wa mwezi. Hata hivyo alikuwa amesajiliwa, na mama aliyelipa alikuwa na neno katika mjadala wa ndoa yake.

Wavulana walivutwa upande mwingine. Mvuvi kijana huenda dago, akakaa wiki kadhaa kwenye kambi za mbali. Utalii ulipokua kuanzia miaka ya 1990, fukwe zilizokuwa za mwani zikawa pia za mahoteli, na kijana wa kiume mwenye Kiingereza kidogo au Kitaliano cha kuokota alipata kipato bila cheti. Kazi hizo hazikuwa wazi kwa dada yake kwa kiwango hichohicho. Wazazi wengi hawakutaka binti afanye kazi hotelini. Kwa namna hii kizuizi kilichowekwa kwa wasichana kiliwabakisha darasani. Msichana asiye na njia ya kupata fedha nje ya ndoa na cheti alikuwa na sababu nzuri ya kutafuta cheti.

Kufikia miaka ya 2010 wasichana walikuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne Zanzibar. Ripoti rasmi zililieleza jambo hilo kama mafanikio ya usawa wa kijinsia. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Sehemu ya ongezeko hilo ni wasichana waliofika. Sehemu nyingine ni wavulana walioondoka, na takwimu ya uwiano, kama ilivyoelezwa mwanzoni, haiwezi kutenganisha mambo haya mawili. Mtafiti anayetaka kuyatenganisha hana budi kuweka idadi ya walioandikishwa kila mwaka karibu na idadi ya watoto wa umri huo katika sensa, kisiwa kwa kisiwa na wilaya kwa wilaya. Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, ambayo kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa maskini kuliko zote katika visiwa hivi, haifanani na Mjini Magharibi kwa lolote isipokuwa sare.

Mimba, ndoa na sheria

Sheria ya Elimu ya mwaka 1982 na kanuni zilizoifuata zilishikilia kwamba mwanafunzi aliyeolewa au aliyepata mimba hana nafasi skulini. Mwaka 1985 ilitungwa sheria ya kuwalinda wari na wanawake wasio na waume, ambayo licha ya jina lake ilimfanya mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba kuwa mkosaji anayeweza kufungwa. Kwa msichana wa sekondari maana yake ilikuwa adhabu mbili kwa tukio moja: alitoka skuli, kisha akakabiliwa na mahakama. Njia pekee ya kukwepa ya pili ilikuwa kuozwa haraka, nayo ilithibitisha ya kwanza. Familia nyingi zilichagua njia hiyo, na rejesta za skuli zikaandika neno moja: kaolewa.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005 na nyingine ikachukua nafasi yake. Kifungo kiliondolewa na utumishi wa jamii ukawekwa. Kufikia mwaka 2010 wizara ya elimu ilikuwa imefungua njia ya msichana aliyejifungua kurudi darasani. Tanzania Bara ilichukua hatua ya aina hiyo Novemba 2021, zaidi ya miaka kumi baadaye. Tofauti hiyo hushangaza wasomaji wanaodhani kwamba jamii ya Kiislamu lazima iwe kali zaidi katika suala hili. Haipaswi kushangaza. Zanzibar ilikuwa na mjadala wa ndani uliodumu tangu 1985, ulioshirikisha wanasheria wanawake, walimu na wanazuoni, na hoja iliyopata uzito haikuwa ya haki peke yake. Ilikuwa kwamba mtoto aliyezaliwa hana kosa, na mama yake akiachwa bila elimu mtoto ndiye atakayelipa. Hoja hiyo ilieleweka msikitini kama ilivyoeleweka katika Baraza la Wawakilishi.

Kwa upande wa ndoa hali ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar. Ndoa za Waislamu huamuliwa kwa sharia mbele ya mahakama za kadhi, na hakuna umri mmoja uliowekwa na bunge. Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 ilimtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, bila kufuta ndoa iliyofungwa kwa mujibu wa dini kabla ya umri huo. Msichana wa kidato cha pili kwa hiyo anaishi chini ya vipimo viwili. Kwa wizara ni mtoto mwenye lazima ya kusoma. Kwa posa iliyoletwa jioni ni mwari.

Mwalimu mkuu wa skuli ya mashamba ndiye anayesimama kati ya vipimo hivyo, na ana silaha chache. Anaweza kumwita mzazi. Anaweza kumwendea sheha. Anaweza, kama ni mwanamke wa kijiji hicho na aliwahi kukaa katika madawati hayohayo, kwenda nyumbani kwa bibi wa mtoto na kuketi ukumbini mpaka jambo lizungumzwe. Walimu wakuu wanawake bado ni wachache kuliko idadi ya wanawake wanaofundisha, na katika skuli za Pemba ni wachache zaidi. Rejesta huhesabiwa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni, wanapoandikishwa, na wakati wa mtihani. Hesabu inayotumwa wizarani kwa ajili ya uwiano ni ile ya mwanzoni.